Mcheza Kwao Hutunzwa: Tumtengenezee Kadi Aasif Karim

 Mwaka huu nimeonelea nisiandike juu ya nidhamu wala mitihani, kwani hayo twaambiwa kila Jumatatu asubuhi kwenye asembli mpaka jua latuchoma visogo. Nataka nizungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa mchezo wa watoto. Nalo ni picha za wachezaji.

Hebu fungua begi la mwanafunzi yeyote wa shule hii. Daftari la Hisabati limevikwa picha ya Messi. La Jiografia limevikwa Mohamed Salah. Ndani ya kasha la kalamu mna stika ya Ronaldo iliyobanduka pembe moja. Tena si picha tu, bwana! Wenyewe wajua na hesabu zao: huyu alifunga mabao mangapi, yule alinunuliwa kwa pesa ngapi, mwingine alivunjika mguu mwaka gani. Wallahi lau tungelijua tarehe za Historia hivyo, mwalimu wetu angelala usingizi mnono.

Sasa muulize mwanafunzi huyo huyo: Aasif Karim ni nani? Atakutazama kama aliyeulizwa habari za mwezini. Na Aasif Karim ni mtoto wa hapa hapa, mzaliwa wa Mombasa, aliyefanya jambo uwanjani ambalo wachache duniani wamelifanya, tena akalifanya wakati watu walikuwa wameshamwaga kwa maua na hotuba.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nauliza, je, sisi twamtunza? Rai yangu ni kwamba hatumtunzi, na kwamba chama chetu cha Kiswahili chaweza kuanza kumtunza mwaka huu huu, kwa manila, gundi na mkasi. Yaani tumtengenezee kadi. Naomba mnisikilize kabla hamjacheka.

Kwanza nieleze alilolifanya. Aasif Karim alizaliwa tarehe 15 Desemba 1963, siku tatu tu baada ya Kenya kupata uhuru. Alikuwa mtu wa michezo miwili. Katika tenisi aliiwakilisha Kenya kwenye Davis Cup, na katika kriketi alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto. Hakuwa katika wale warushaji wanaotimua mbio kama treni na kurusha mpira usioonekana. Yeye alikuja kwa hatua chache, akarusha polepole, mpira ukigusa chini wageuka njia. Kwa Kiswahili cha barazani tungesema mpira wake ulikuwa na maneno mawili.

Mwaka 1996 alikuwamo katika timu ya Kenya iliyokwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ile iliyowashangaza West Indies mjini Pune, India, tarehe 29 Februari kwa kuwamaliza kwa mikimbio 93 tu. Mwezi Oktoba 1997, mjini Nairobi, aliwatoa wapigaji watano wa Bangladesh kwa mikimbio 33. Mwaka 1999 akawa nahodha wetu kwenye Kombe la Dunia kule Uingereza. Kenya ilicheza mechi tano na kufungwa zote tano. Basi, akastaafu. Umri umekwenda, nahodha ameshindwa, vijana wapo. Nani angemlaumu? Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya heshima, lakini ya kawaida.

Mwaka 2003 Kombe la Dunia likaja Afrika, mechi nyingi zikichezwa Afrika Kusini na chache Zimbabwe na Kenya. Karim akaitwa tena. Alikuwa na miaka 39, umri ambao katika michezo hata ukijikwaa watu husema ni uzee. Timu ile chini ya nahodha Steve Tikolo ilifanya maajabu. Tarehe 24 Februari mjini Nairobi iliwafunga Sri Lanka, Collins Obuya akiwatoa wapigaji watano kwa mikimbio 24. New Zealand walikataa kuja Nairobi wakihofia usalama, pointi zikawa zetu. Halafu wakafungwa Bangladesh, halafu Zimbabwe. Kenya ikafika nusu fainali. Hadi leo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya kucheza Test iliyofika hatua hiyo katika Kombe la Dunia la ova 50 la wanaume.

Katikati ya safari hiyo, tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia. Waaustralia ndio waliokuwa mabingwa wa dunia, na kombe lile walilichukua tena bila kufungwa hata mechi moja katika 11. Siku ile Karim alikuwa ametimiza miaka 39 na miezi mitatu kamili.

Kenya ilipiga kwanza. Mrushaji wao Brett Lee akawatoa wapigaji wetu watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Tulijikongoja mpaka 174. Australia walipoingia, Adam Gilchrist akawachapa warushaji wetu mikimbio 67 kama anayepigia mkeka vumbi. Kila mtu akajua mechi imekwisha. Hapo ndipo mzee akapewa mpira.

Kwa wasioujua mchezo huu, niseme kidogo. Ova moja ni mipira sita. Mrushaji akiirusha yote sita na mpigaji asipate hata mkimbio mmoja, ova hiyo ni kavu, na ova kavu moja tu dhidi ya mabingwa ni jambo la kusimulia. Karim siku ile alirusha ova nane na mipira miwili, yaani mipira 50. Ova sita kati ya hizo zilikuwa kavu. Katika mipira hiyo 50 Waaustralia walipata mikimbio saba tu. Saba! Na akawatoa watatu: nahodha wao Ricky Ponting, kisha Darren Lehmann, kisha Brad Hogg. Watu waliokuwa wakipiga kama radi wakaanza kuuzuia mpira kwa adabu, mmoja mmoja, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Australia walishinda hata hivyo, 178 kwa wiketi tano. Nasema hivyo wazi, kwani sitaki mtu anipinge kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nalijua. Lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi haikwenda kwa aliyeshinda. Alipewa Aasif Karim. Siku tano baadaye Kenya ilifungwa na India katika nusu fainali, naye akastaafu tena, safari hii moja kwa moja. Hesabu yake yote katika mechi za kimataifa za siku moja ni mechi 34 na wiketi 27. Ukizitazama nambari hizo juu juu utasema ni mchezaji wa kadiri. Ukiijua siku ile ya Durban utanyamaza.

Sasa nije kwenye kadi.

Wenzetu Wamarekani wana mchezo uitwao besiboli, ambao ni binamu wa kriketi: mmoja arusha, mwingine apiga kwa gongo, halafu watu wakimbia. Tangu karne ya 19 kampuni za sigara kule zilikuwa zikitia ndani ya pakiti vikadi vigumu vya picha za wachezaji, pakiti isipondeke na mnunuzi arudi kutafuta kadi nyingine. Baadaye kadi zikahamia kwenye ubani wa kutafuna, zikawa za watoto. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ilitoa seti iliyosifika sana. Mbele ya kadi pana sura ya mchezaji. Nyuma pana tarehe yake ya kuzaliwa, timu zake na hesabu zake.

Wengi wakisikia kadi hizi hukimbilia bei. Ni kweli bei zenyewe zatisha. Kadi ya Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911, ni adimu kwa sababu ilisimamishwa mapema, na husimuliwa kwamba mwenyewe hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya sura yake. Moja kati yake iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni saba. Lakini mimi sikuvutiwa na hiyo milioni saba. Mimi navutiwa na upande wa nyuma. Sura hata ukutani ipo. Kinachomfanya mtoto wa Texas wa leo amjue mtu aliyestaafu kabla ya mama yake kuzaliwa ni ile mistari midogo nyuma ya kadi.

Mtazame Nolan Ryan, mrushaji wao mashuhuri. Kadi yake ya kwanza ya mwaka 1968 hakupewa hata peke yake, alichanganywa na mwenzake Jerry Koosman katika kadi moja kama watoto wawili juu ya baiskeli moja. Siku ya kadi hiyo hakuna aliyejua atakuwa nani. Tarehe 1 Mei 1991, akiwa na miaka 44, alimaliza mechi nzima bila timu pinzani kupata pigo halali hata moja, na hiyo ilikuwa mara yake ya saba kufanya hivyo, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikia. Ajabu ni kwamba wakusanyaji hupigania ile kadi ya 1968, ya kijana asiyejulikana. Kadi za uzee wake hazina bei hiyo.

Hapo ndipo natofautiana nao. Wao huthamini kadi ya kwanza. Mimi nasema sisi tutengeneze kadi ya mwisho. Kadi ya kwanza ni bahati nasibu, wanunua ahadi usiyojua kama itatimia. Kadi ya mwisho ni ushahidi, kwani mtu amekwisha pita, amekwisha shindwa, amerudi, na lililobaki ni la kweli.

Mfano wa pili ndio ulionishika zaidi. Palikuwa na mrushaji mweusi aitwaye Satchel Paige. Kwa sababu ya rangi yake alizuiliwa kucheza ligi kuu ya Marekani mpaka mwaka 1948, akiwa na miaka 42. Alicheza ligi za watu weusi miaka na miaka. Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, aliitwa arushe tena kwa mechi moja katika ligi kuu, akarusha vipindi vitatu na wapinzani hawakupata pointi hata moja. Naam, miaka 59! Babu wa watu! Lakini tatizo lilikuwa moja: ligi za weusi hazikuandikwa vizuri. Madaftari yalipotea, magazeti yaliandika mechi hii yakaacha ile. Ilibidi wataalamu wakae miaka mingi wakiokoteza karatasi, na mwaka 2024 ndipo hesabu za ligi hizo zikaingizwa rasmi katika vitabu vya ligi kuu, Paige akiwa amefariki tangu 1982. Mali bila daftari huisha bila habari. Sifa nayo ni mali, ndugu zangu, na daftari lake lisipoandikwa na wenyewe, mgeni hatakuja kuliandika kwa huruma.

Turudi kwetu kisiwani. Nendeni Fort Jesus. Mtaona vitu vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama pale mbele ya ngome mwaka 1697. Mabaharia wale hawakuwa wetu, walikuja kutupiga mizinga, lakini vyombo vyao vimesafishwa, vimepangwa na vimeandikiwa karatasi. Sisemi vibaya, vihifadhiwe. Nasema tu ikiwa sufuria la Mreno lina maelezo yake ukutani, mchezaji wa Mombasa aliyewatuliza mabingwa wa dunia kwa mipira 50 hakosi kustahiki kadi ya inchi nne.

Na tusiende mbali. Shuleni kwetu lipo kabati la vikombe, lile lililo kando ya mlango wa ofisi. Vikombe ni vingi, vingine vimeshaota kutu masikioni. Vimeandikwa mwaka na jina la mashindano. Majina ya wachezaji hakuna. Nani aliyefunga bao? Nani aliyedaka penalti? Nani alicheza na kidonda mguuni? Wenyewe wengine hupita hapo barabarani kila siku, wana mvi, na sisi twawapisha kama tunavyompisha mpita njia yeyote.

Najua zipo hoja za kunipinga, na penye wengi pana mengi. Nazijibu moja moja.

Wako watakaosema kukusanya makadi ni mambo ya Kizungu. La hasha! Nenda nyumbani ufungue sanduku la mama yako au nyanya yako. Utakuta leso zimekunjwa, nyingine hazijakatwa wala kupindwa, zimewekewa udi na asumini. Atakuambia hii niliinunua Biashara Street mwaka fulani, hii ni ya harusi ya mamako mdogo, hii jina lake lilikuwa fumbo kwa mtu fulani. Ataitafuta na alama ya Mali ya Abdulla pembeni ahakikishe ni yenyewe. Basi hiyo si kadi? Ina picha, ina maneno, ina mwaka, na ina hadithi inayojulikana na mwenyewe. Mama zetu walikuwa wakusanyaji kabla Topps haijazaliwa.

Wengine watasema kriketi ni mchezo wa Wahindi, haituhusu. Neno hili nalichukia, na nitaeleza kwa nini. Timu ile ya 2003 ilikuwa na Tikolo, Odumbe, Odoyo, Ongondo, na ndugu wawili wa Obuya na ndugu wawili wa Suji. Ilikuwa na Modi, Patel, Shah na Karim. Walivaa jezi moja na waliposhinda tulishinda sote, na waliposhindwa hakuna aliyesema wameshindwa Wahindi. Isitoshe, sisi wa Mombasa twajisifu kwamba mji wetu ni mahali pa watu wa kila namna. Mji wa Kale twaonyesha watalii milango ya Kihindi na vibaraza vya Kiswahili katika mtaa mmoja. Je, twapenda milango yao tu na wao wenyewe hatuwajui? Mombasa Sports Club ipo hapa kisiwani tangu mwaka 1896. Mchezo uliokaa miaka yote hiyo hauwezi kuitwa mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Hoja ya tatu ni ya walimu, nami naiheshimu. Watasema kadi zitaleta kamari, kwamba watoto wataanza kuzichezea pesa nyuma ya vyoo, na kwamba kumtukuza mchezaji ni kumfanya sanamu. Hofu hiyo ni ya haki. Jibu langu ni kwamba kadi yetu iseme kweli yote. Maurice Odumbe alikuwa mchezaji bora wa ile mechi ya Pune mwaka 1996. Mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa kosa la kushirikiana na watu wa kamari. Kadi yake iandikwe yote mawili, moja chini ya jingine. Kijana akiisoma atajifunza zaidi ya alivyojifunza katika hotuba kumi za nidhamu. Kadi ya Karim nayo iandikwe kwamba mwaka 1999 nahodha alifungwa mechi tano kwa tano. Bila ya hiyo tano kwa tano, siku ya Durban haieleweki. Mtu akiwekewa sifa tupu huyo ndiye sanamu. Mtu aliyewekewa hesabu yake kamili ni binadamu, na binadamu twaweza kumfuata.

Hoja ya mwisho ni ile ya kwamba mambo yamepita. Kriketi ya Kenya imeanguka, mara yetu ya mwisho Kombe la Dunia ilikuwa 2011, na mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Sasa kadi za nini? Mimi naona hiyo ndiyo sababu hasa. Timu ikiwa juu, magazeti yaandika yenyewe. Ikiwa chini ndipo kumbukumbu yahitaji mtu wa kuishika mkono. Karim mwenyewe ana mwana, Irfan, ambaye naye alikuja kuichezea Kenya. Nyumba ile haikuhitaji kadi, kwani mwana alimwona baba. Sisi tusio na baba mcheza kriketi ndio tunaohitaji.

Pendekezo langu basi ni hili. Chama chetu kitengeneze kadi ishirini kila mwaka, kwa Kiswahili. Chumba cha kompyuta kipo, manila zapatikana madukani, na wachoraji tunao wengi, wajichoree hapo badala ya kuchora madawati. Kanuni ziwe nne. Kwanza, mwenye sura aombwe ruhusa, na akikataa aachwe kwa heshima. Pili, kila hesabu ithibitishwe mahali pawili kabla ya kuandikwa, tusije tukabuni. Tatu, upande wa nyuma uandikwe kabla ya upande wa mbele, na kushindwa kuandikwe pia. Nne, kila seti moja ibaki maktabani, isitolewe nje, hata mwalimu mkuu akiomba.

Nani wawe katika kadi hizo? Nasema tuanze na wale waliorudi au walioendelea wakati watu walikuwa wameshawaaga. Wengine ni mashuhuri kama Karim. Wengine hawajulikani nje ya mtaa. Kuna wazee wa bao ambao macho yamefifia lakini vidole vyajua kete zilipo. Kuna akina mama waliocheza netiboli mpaka walipokuwa na watoto wa shule. Kuna makocha wa mtaani wenye filimbi moja kwa miaka mingi. Kila mwanachama alete mmoja, amhoji kwa adabu, aanze na shikamoo na aandike anayoambiwa. Insha ya namna hiyo haina mwanafunzi atakayeinakili kwa mwenzake, na walimu wa lugha hapo nadhani wamenielewa.

Kadi nambari moja nimeshaiandika upande wake wa nyuma. Yasema hivi:

Aasif Karim. Kuzaliwa: Mombasa, 15 Desemba 1963. Kazi uwanjani: mrushaji, mkono wa kushoto, mpira wa polepole. Mchezo mwingine: tenisi, Davis Cup. Mechi za kimataifa za siku moja: 34. Wiketi: 27. Nahodha Kombe la Dunia 1999: mechi 5, kushindwa 5. Alistaafu. Alirudi. Durban, 15 Machi 2003, dhidi ya Australia, umri miaka 39: mipira 50, ova kavu 6, mikimbio 7, wiketi 3. Kenya ilishindwa. Mchezaji bora wa mechi.

Mistari hiyo haizidi kiganja cha mkono. Lakini niambieni, wenzangu, kuna somo gani la Maadili lililo fupi zaidi ya hilo? Mtu alishindwa akiwa nahodha, akarudi akiwa mchezaji wa kawaida chini ya nahodha mdogo kwake, hakutaka kiti wala cheo, akaomba mpira tu. Vijana wa leo, nasi tumo, tukishindwa mara moja tu katika kuchaguliwa kiranja twasusa chama. Na jamii nayo ikimwona mtu ana mvi mbili yamwambia akapumzike barazani. Ng'ombe hazeeki maini. Pale mabingwa walipowashinda wote, aliyetakiwa alikuwa ni yule aliyejua kurusha polepole.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Sikatazi Messi wala Salah, wabaki juu ya madaftari yenu. Nasema ndani ya begi hilo hilo ipatikane nafasi ya mtu mmoja wa hapa. Mkutano wa chama ni Ijumaa ijayo baada ya vipindi. Mwenye mkasi aje na mkasi, mwenye babu mcheza mpira aje na jina la babu yake, baada ya kumwomba ruhusa. Walimu wetu, nyinyi twawaomba jambo moja tu, rafu moja katika kabati lile la vikombe. Vikombe vyenyewe vimekaa miaka mingi bila wenyewe, vitafurahi kuwaona.

Hapa naiweka kalamu chini. Wasalaam.